YAH: KOLA YA NG'OMBE INAYOTOA TAARIFA JOTO LIKISHAPITA

Kibosho,
Moshi.

Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka jana mwezi wa nne fundi wenu alimvalisha ng'ombe wangu wa maziwa, Frizian, kola yenye kihisi. Aliniahidi kwamba joto, yaani wakati ng'ombe anapotaka dume, halitanipita tena: ujumbe utaingia kwenye simu, nami nimwite mtaalamu wa uhimilishaji ampandikize mbegu. Nililipa shilingi 380,000, na ada nakatwa kila mwezi.

Joto limenipita mara tatu. Mara ya mwisho ng'ombe alianza kulia alfajiri, ute unaning'inia. Aliyeniamsha ni mama yangu mzazi, ambaye hata simu hana. Ujumbe wenu uliingia kesho yake saa nne asubuhi, wakati joto la ng'ombe kwa kawaida halifikishi hata siku nzima. Likishapita, ni kungoja kama siku 21 nyingine. Pumba na mashudu ya siku hizo mnanunua ninyi?

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwamba ng'ombe wangu hatembei vya kutosha. Nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye. Huku kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ng'ombe yuko bandani, majani tunamkatia na kumwekea horini. Atembee aende wapi, mjini Boma Ng'ombe? Kihisi chenu kinalitambua joto kwa kuona ng'ombe anahangaika na kuzunguka kuliko kawaida yake, jambo linalowezekana pale ng'ombe wengi wamefunguliwa pamoja. Wangu anageuka kwa shida. Fundi aliliona banda hilo, akalisifu kwa usafi, akaniuzia.

Kwenye kucheua, ambako kola hiyo hufuatilia pia, sina ugomvi. Mwezi wa nane mlinijulisha kwamba kumepungua kabla mimi sijaona kitu. Nikampima nikakuta nyuzi 40.8, daktari akasema ni ugonjwa wa ndigana, ng'ombe akapona. Ndiyo maana kola bado iko shingoni. Ila nilichouziwa ni joto.

Naomba mrekebishe programu iendane na ng'ombe wa ndani, au mchukue kola yenu na kunirudishia fedha zangu. Ada ya mwezi huu silipi. Joto la mwisho lilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Hesabuni siku 21, fundi afike kabla.

Wenu,
Mfugaji, Kibosho.

Nakala: Afisa Mifugo wa Kata