Kwa Kofia, kuhusu ule mkataba

Dallas, Texas

Ndugu yangu Kofia,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wote wa bendi. Sisi huku tu wazima. Nimekawia kujibu kwa sababu zamu za usiku zimenibana, tena swali lako si la kujibiwa kwa mstari mmoja.

Unauliza kama mtie sahihi mkataba wa yule mwenye studio anayetaka kuwarekodi. Najua ushauri mkavu hukuingii, kwa hivyo nitakupitisha kwenye bendi moja ya country ya huku iitwayo Whiskey Myers. Mama yako angesikia jina hilo angewafungia mlango, lakini subiri.

Hawa ni vijana wa Palestine, mji mdogo wa mashariki ya Texas, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka kwangu. Misonobari kila upande, na treni ya zamani inayotembeza watalii. Ungedhani Molo ya kwetu Kenya imepotea njia. Cody Cannon, John Jeffers na Cody Tate wamekuwa marafiki tangu udogoni, kama nyinyi. Wakamweka Jeff Hogg kwenye drams, na besi akapewa Gary Brown, binamu yake Cannon. Bendi ilianza 2007, na albamu ya kwanza wakaitoa wenyewe 2008, wakati bado wanazunguka kupiga kwenye mabaa.

Sasa hapa soma polepole. Walifungua lebo yao wenyewe, yaani kampuni ya kutoa rekodi, wakaiita Wiggy Thump. Kazi ya kusambaza wakaipa Thirty Tigers, kampuni ya Nashville, mji mkuu wa muziki wa country, ambayo haichukui umiliki wa muziki; hukata fungu lake, rekodi zikabaki za msanii. Kwa hiyo walipoonekana kwenye tamthilia ya Yellowstone mwaka 2018 na watu wakaanza kuwasaka, nyimbo zao za nyuma zilikuwa bado ni mali yao. Mwaka uliofuata walitoa albamu waliyoisimamia wenyewe studioni, ikaingia namba moja kwenye chati ya albamu za country ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Mwaka huohuo wakafungua shoo ya Rolling Stones kule Chicago. Ukihesabu tangu 2007, hiyo ni miaka 12 ya barabara. Sikufichi hilo.

Kuna wabishi watakaokuambia hao si outlaw, yaani country ya waasi waliokataa amri za lebo, eti ni roki ya kusini mwa Marekani tu. Mimi naona wabishi hao wanatazama gitaa badala ya karatasi. Waylon Jennings, yule mwimbaji wa outlaw unayemwiga hadi ndevu, unajua aligombania nini? Enzi zake Nashville, lebo ndiyo iliyompa mwimbaji prodyusa na wapigaji, na bendi yake ya safarini ikaachwa nje ya studio. Mwaka 1972 akaibana RCA, lebo yake, hadi ikampa mkataba mpya uliomwachia mamlaka juu ya kazi yake. Miaka minne baadaye albamu aliyoshirikiana na Willie Nelson, Jessi Colter na Tompall Glaser ikawa ya kwanza ya country kutambuliwa kwa mauzo ya nakala milioni moja. Kofia na wiski vilikuwa mapambo tu.

Haya, turudi kwa huyo mwenye studio wako. Kwa maelezo yako, anawarekodia bure, halafu rekodi zinakuwa zake milele, na hata pesa za Skiza, zile za nyimbo za miito ya simu, zipitie kwake kwanza. Kofia, hiyo si bure! Afadhali mchange pesa za shoo za wikendi mlipie studio kwa saa, hata kama ni nyimbo tatu tu. Na ziwe zenu. Nyimbo za country za Don Williams muendelee kuzipiga, maana Nyahururu bila Don Williams watu watadai kiingilio chao, lakini usizipeleke studio. Kapeleke ule wimbo wa lori la viazi.

Jambo jingine, ambalo najua utalikwepa: kaeni chini nyinyi wanne muandike wimbo upi ni wa nani na mapato yanagawanywa vipi. Usiniambie eti mmekula ugali sahani moja tangu darasa la pili. Yule binamu mwenye besi aliondoka bendini baadaye, na bendi ikaendelea. Mtu akiondoka kwenu, mtagawana nini kama hakuna kilichoandikwa?

Nipigie picha kurasa zote za huo mkataba, hasa ile ya mwisho yenye maandishi madogo, unitumie kabla ya Ijumaa. Akisema ofa inaisha kesho, mwambie kaka yako wa Texas bado anasoma.

Msalimie mpiga drams, na umkumbushe bado ana jaketi langu.

Wako,
Yuleyule wa besi ya kopo