Taarifa ya kifo cha mzee Kibao tusomewe, huku mitaani watu washaanza kuhukumiana

Kamwene Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mafinga na hili jambo limenikaa rohoni muda sasa.

Sote tunakumbuka tarehe 6 Septemba 2024, mzee Ali Kibao wa sekretarieti ya chama cha upinzani cha Chadema alishushwa kwenye basi pale Tegeta, Dar es Salaam, akiwa anaenda Tanga, watu wana silaha, abiria wanaangalia tu, halafu mwili wake ukaja kuokotwa Ununio. Rais mwenyewe akalaani na akaagiza vyombo vya uchunguzi vimletee taarifa ya kina. Sawa. Hiyo taarifa iko wapi? Mi gazeti nasoma na redio nasikiliza, sijasikia hata mtu mmoja kapandishwa kizimbani kwa kifo kile, wala sijasikia mkubwa yeyote kasimama akasema jamani tumefika hapa, tumekwama hapa.

Sasa huo ukimya ndo umezaa haya ya kwenye simu. Grupu letu la watsapu lilifunguliwa kwa ajili ya michango ya misiba na harusi, siku hizi kila usiku anatokea mpelelezi mpya, huyu ana klipu ya sauti ya mtu eti wa ndani kabisa, yule ana skrinshoti, mwingine anaapa anawajua waliotumwa. Kuna wanaouliza ya maana, kwa mfano abiria wa lile basi walichukuliwa maelezo na nani na yameenda wapi, hilo swali ni haki kabisa na mimi nauliza hivyo hivyo. Lakini kuna wanaotaja watu.

Kuna kijana wa jirani yangu, dereva, anaendesha Landcruiser ya bosi wake wa mbao. Mtu kaipiga picha ile gari ikiwa sheli, namba zinasomeka vizuri, akaandika chini gari iliyomchukua Kibao ndo hii imefichwa Mafinga. Ikafowadiwa wee mpaka ikaingia kwenye simu ya mama yake, anauza mboga sokoni, macho hayasomi vizuri akampa mteja amsomee. Yule mteja akasoma nusu akanyamaza, akarudisha simu akaondoka bila kuchukua mchicha wake. Kijana siku ile ya Tegeta alikuwa huku kwenye msitu wa Sao Hill anapakia mbao na waliokuwa nae wapo. Alienda kulalamika ofisi moja akaambiwa aache tu, itapita yenyewe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, kifungu cha 16 cha kusambaza habari za uongo, faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3, ila kwa kweli sitaki kuona inatumika kuwafunga midomo wanaouliza nani kamuua Kibao, maana hao ndo watakaokuwa wa kwanza kukamatwa.

Na mtu asituambie sisi wa wilaya hii ya Mufindi kwamba tunaisingizia serikali. Nyololo ni hapo tu ukishika barabara ya Makambako. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa pale akiwa kazini, Chadema walikuwa wanafungua tawi, na maelezo ya mwanzo ya polisi yalitaka tuamini kwamba kilichomuua kimerushwa na raia. Zikatoka picha za waandishi wenzake, yuko chini kazungukwa na askari, hadithi ikaishia hapo. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, mmoja tu, wakati kwenye picha wamejaa. Kwa hiyo mtu wa huku akiambiwa uchunguzi unaendelea halafu kimya, akawaza vibaya, mimi simlaumu. Ila zile picha za Nyololo zilikuwa na wenyewe, watu wanaojulikana, walisimama wakasema nilikuwepo nikaona. Hii ya gari sheli mpaka leo aliyeipiga hajulikani.

Ninachoomba ni kitu kimoja, Rais alichoagiza kiletwe, kisomwe hadharani, hata kama ni kurasa mbili. Kama polisi wameshindwa kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, hakimu akae, aite mashahidi, wale abiria waje waseme waliyoyaona. Na nyie maadmini wa magrupu, mtu akituma jina au namba ya gari muulizeni kwanza, wewe ulikuwepo?

Jana jioni nilipita kwa jirani. Gari iko uani imefunikwa turubai, kijana kakaa kwenye kigoda pembeni, bosi kashatuma mtu aje kuchukua funguo.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa