Wanaokuja na dodoso warudi na majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vyuo vyetu vinavyofundisha maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja hapa Mwanza. Kazi hiyo naifanya kwa kujitolea; riziki yangu ni meza ya dagaa. Karibu kila mwaka tunaletewa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaosomea ukatili wa kijinsia. Wanaingia na dodoso, wanamketisha mama wa watu sebuleni kwake, wanamuuliza amepigwa mara ngapi na kwa sababu gani, wanashukuru, wanaondoka. Mwaka juzi mama mmoja, ambaye nilimshawishi mimi mwenyewe akubali kuhojiwa, alinifuata mezani kwangu. "Dada, wale watoto walioandika mambo yangu, walisemaje?" Sikuwa na jibu. Mumewe alikuwa ziwani siku ya mahojiano, lakini aliporudi maneno yalimpokea njiani, na yule mama alilala kwa jirani siku tatu. Hilo limenikaa rohoni hadi leo.

Mwaka jana walikuja wengine, wanne, wakakaa wiki nane. Mbili za mwanzo hawakumhoji mtu. Walipanga foleni bombani kama sisi, wakaosha masufuria msibani, wakajulikana kwa majina. Wiki ya tatu wakawakusanya wasichana wa darasa la sita na la saba, wakachora nao ramani ya mtaa ardhini kwa majivu. Kila msichana akapewa vizibo vitatu vya soda aviweke pale anapoogopa kupita. Nilikuwa na hakika vitajaa kwenye vichaka vya mlimani. Vilijaa bombani. Maji yalikuwa yakifunguliwa saa kumi alfajiri, giza totoro, na wanaotumwa ni wao. Nimeishi mtaa huu miaka kumi na tisa, nachota bomba hilohilo, na sikuwahi kulijua.

Wale vijana hawakuondoka na ramani yao. Waliinakili kwenye karatasi, wakaipeleka kwenye mkutano wa mtaa bila kutaja jina la mtoto yeyote, wakawaachia akina mama waseme. Kamati yetu ya ulinzi wa wanawake na watoto, iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kwa muda mrefu ikiishi kwenye faili tu, ikaketi wiki hiyohiyo. Mwenyekiti akaenda mwenyewe kwa wahusika wa maji. Sasa bomba linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Kwenye kijiwe cha bodaboda nako walikwenda, tena mara nyingi. Walisoma kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ubishi uliozuka pale haukuwa wa siku moja. Sheria hiyo imewatangulia wote kuzaliwa, na wengi walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza.

Najua wapo wahadhiri watakaosema huo ni uharakati, si utafiti. Waangalie Kampala. Kati ya 2007 na 2012 mpango wa SASA!, wa kuhamasisha jamii izuie ukatili dhidi ya wanawake, ulifanyiwa majaribio katika jamii nane za jiji hilo: nne ziliupata, nne zikasubiri. Waliouendesha mitaani walikuwa majirani wa kawaida, pamoja na polisi na wahudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa 2014: katika jamii zilizoupata, kipigo kutoka kwa wenzi kilikadiriwa kuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko kwenye zile nyingine. Ulikuwa utafiti, na mtaa ulikuwa ukifanya kazi humohumo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya hoteli. Mwanafunzi akae muda wa kutosha kujulikana. Asimhoji mama kuhusu kipigo kabla ya kujua dawati la jinsia liko kituo gani cha polisi na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwendea hospitali, inapatikana vipi, kwa sababu kuna siku mazungumzo yataishia huko, usiku, naye ndiye atakayekuwa mlangoni. Aanze na kamati ya mtaa. Na chuo kisimpe alama za ripoti hadi awe ameirudisha kwa waliompa habari, kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kwa bibi zetu, wakamkosoa pale alipokosea.

Wanafunzi wapya tunawatarajia Julai. Nimeshamwomba mwenyekiti wa mtaa asiwagongee muhuri kwenye barua zao kabla hawajataja tarehe watakayorudi kutusomea walichoandika.

Msaidizi wa kisheria,
Mwanza