"DL" kwenye pakiti ya methionini si uchakachuaji

Wiki haipiti bila mfugaji kurudisha pakiti akidai tumemuuzia methionini (asidi amino, yaani tofali la protini, inayoongezwa kwenye chakula cha kuku) iliyochakachuliwa. Ushahidi wake ni herufi mbili: DL. Kasikia mwili hutumia L peke yake, basi D ni nusu ya pesa yake iliyomwagwa. Ingekuwa laisini, asidi amino nyingine ya chakula cha kuku, tungemrudishia pesa. Kwa methionini, hapana.

Chukua ndala za jozi moja. Mpira ule ule, saizi ile ile, ila ya kushoto haikai mguu wa kulia hata uigeuze vipi. L na D, maumbo mawili ya asidi amino ile ile, ndivyo zilivyo. Nyama na yai hujengwa kwa L. Methionini ya DL hutengenezwa kwa kemikali tupu, nazo hazichagui upande, kwa hiyo hutoka nusu kwa nusu. Lakini ini na figo za kuku zina vimeng'enya vinavyoivua D kundi lake la amino (sehemu yake yenye nitrojeni), kisha kundi jingine linapachikwa upande wa L. D ya laisini haina njia hiyo; hupita bure. Ndiyo maana laisini huzalishwa na bakteria, ambao hutoa L tu. Anayetaka methionini ya L tupu tunamwagizia, ila bei asitulaumu.

Na ile 98.5% kwenye mfuko wa laisini ni ya chumvi yake, yaani laisini iliyounganishwa na asidi. Laisini yenyewe ni kama 78%, fanyia hesabu hiyo.

Hasara kubwa iko kwenye koleo. Fomula ikisema gramu 150 kwa kilo 100 za chakula, pima kwa mizani ya gramu, si kifuniko cha soda. Changanya kwanza na kilo 1 ya unga wa mahindi, halafu na kilo 10, ndipo uingize kwenye lundo. Ukimwaga moja kwa moja, kuku mmoja anapata rundo na mwingine anakosa, wanaanza kudonoana manyoya, na lawama zinarudi dukani.

Soya nayo: mbichi huzuia umeng'enyaji, lakini ukiikaanga hadi iwe nyeusi laisini yake inashikana na sukari na kuku haipati. Ukiiunguza jikoni, unanunua laisini mara mbili.

Kabla ya kulipa, fungua unuse. Methionini ni chenga nyeupe zenye harufu ya salfa, kama kabichi iliyooza. Laisini kwa kawaida ni punje za kahawia hafifu. Methionini isiyonuka kabisa iache, hata kama ni ya kwetu.