Shukrani kwa fundi wa pale Msamvu

Fundi wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Jumanne usiku ulinikuta pembeni ya stendi ya Msamvu, Morogoro, pikipiki haina taa wala honi, fyuzi ya tatu imeshaungua. Ulizungusha usukani kushoto taratibu, ukasema, "Shoti iko humu ndani, mdogo wangu." Kweli: nyaya za swichi zilipitishwa ndani ya bomba la usukani, na ukingo wa tundu ulikuwa umekwangua ganda la waya mwekundu mpaka shaba ikaonekana.

Wengi wangezungushia tepu tu. Wewe uliupiga tupa ule ukingo hadi ncha ya kidole ikapita bila kukwaruzwa, ukauvika kipande cha mpira wa tyubu. Kisha ukapenyeza kebo kuukuu ya breki, ukafungia nyaya mpya kwenye ncha yake, ukazivuta polepole huku mimi nikizisukuma upande wa pili. Shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapogeukia, ukaziacha zilegee kidogo, usukani ukazunguka kote bila kuzikaza.

Elfu kumi yangu uliikataa. Nilifika Mikese salama, taa ikiwaka njia nzima. Mungu akubariki sana, kaka.