Na "hoi bin taabani" nayo tuiite uharibifu?

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo nimjibu yule msomaji aliyelalamika eti vijana wanaharibu lugha kwa kukata maneno mawili na kuyagundisha, akatoa mfano wa "chillax" wanayoiandika chini ya picha zao wakiwa ufukweni, pamoja na ile "ginormous". Anasema hayo si maneno, ni kelele. Mi nakataa. Chillax ni chill na relax, yote mawili ni kutulia tu, mtu kaona moja halitoshi kaongeza la pili. Ginormous ni gigantic na enormous, yote kubwa mno, na wala si ya watoto wa intaneti kama anavyodhani, ilishaandikwa 1948 kwenye kamusi ya misimu ya wanajeshi wa Uingereza, halafu 2007 Merriam-Webster nao wakaiingiza kwenye kamusi yao. Kwa hiyo walioanza ni wazee wa vita huko, wajukuu wanasingiziwa bure.

Kinachonishangaza ni mtu kuona hili jambo geni wakati sisi tunalo miaka na miaka, ila sisi hatukati, tunayaweka maneno mazimamazima bega kwa bega. Bure bilashi: bure ni bure, na bilashi ni bure hiyohiyo iliyokuja na Kiarabu. Raha mustarehe, salama salimini, daima dawamu, zote mtindo mmoja, neno na mwenzake wa maana ileile, na ukiondoa moja unasikia kabisa kuna kitu kimepungua. Halafu kuna bingwa wao, hoi bin taabani. Hoi ni kuchoka hadi basi, taabani ni hivyohivyo, sasa mtu akachomeka bin hapo katikati kama anataja jina na la baba yake, yaani uchovu mtoto wa uchovu! Aliyeitunga alikuwa na utani huyo, na wala hatumjui.

Kwa nini hatukati? Mi si mtaalamu wa isimu ila naona neno letu halitulii, kubwa leo ni mkubwa, kesho kikubwa, kesho kutwa makubwa, sasa hebu chukua kubwa na nene uyagundishe upate kubnene, halafu useme nimeona magari makubnene, si watu watakutafutia daktari. Hata ulimi wenyewe unagoma hapo kwenye bn.

Wataalamu wetu walikata kweli, lakini kwa ajili ya kutaja vitu, sio kukoleza. Chajio ni chakula cha jioni, chamcha cha mchana, tarakilishi, yaani kompyuta, wakaitoa kwenye tarakimu na akili. Wenzetu Kenya wanazisoma shuleni, huku kwetu mtu akikukaribisha chajio unaweza kudhani ni jina la mgahawa. Na vijana wa mtaani wakitaka kukoleza wanarudia, kinomanoma, au wanaongezea kitu juu, hatari na nusu, kachoka mbaya. Hiyo chillax wanaiokota ikiwa imeshapikwa huko ilikotoka, hawaitungi wao.

Lawama yangu mi iko kwa gazeti mhariri, samahani lakini. Kurasa za siku hizi kila kitu ni "sana", jengo kubwa sana, watu wengi sana, mvua kubwa sana, mpaka msomaji hajui kipi kimezidi kipi. Ukumbi ukijaa si muandike umejaa pomoni, mtu akilala gesti usingizi mzito si amelala fofofo, nguo ya bibi harusi ni nyeupe pee, maneno yapo na hayalipiwi, na hakuna msomaji wa Tanga wala Kigoma atakayehitaji kutafsiriwa. Na timu ikipigwa tano bila ugenini sijui dawati la michezo linaogopa nini kuandika imerudi hoi bin taabani.

Msomaji wako,
Tanga