Barua kwa Mama Swaleh kuhusu gari la kipupwe

Brooklyn Park, Minnesota
14 Oktoba 2023

Dada yangu mpendwa Mama Swaleh,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba Imani, kwa watoto wote wanne na kwa mama mkwe, ambaye kila jioni ananiuliza kama nimekwisha kukuandikia. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu; hofu ni juu yenu mlio mbali. Nisamehe kwa kimya changu cha tangu Idi. Zamu za usiku zimenizidi, na habari za Bi Mwanahawa nitakueleza siku nyingine, kwa kuwa leo nina jambo moja tu linaloninyima usingizi, nalo ni gari.

Kuna tukio ambalo sikukusimulia kwenye simu. Mwezi wa Januari, nikiwapeleka watoto shuleni, nilikuwa nikiteremka kilima kifupi kuelekea njia panda. Taa ikawa nyekundu, nami nikakanyaga breki mapema kabisa. Pedali ilitetemeka na kukwaruza chini ya unyayo wangu, lakini gari halikusimama; liliendelea kuserereka taratibu, likavuka mstari na kutulia katikati ya njia panda. Upande wa kulia lilikuwa limesimama gari la kukwangua theluji, taa zake za manjano zikizunguka, na dereva wake ameniinulia mkono ili nipite. Imani akaniuliza, "Mama, mbona tumepita nyekundu?" Nilishindwa kumjibu.

Sasa gari hilo limechoka, na tuko watu saba, kwa hiyo ni lazima tununue jingine kabla theluji haijaanza. Baba Imani anashikilia kwamba dawa ni fowili kubwa, yaani gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na mengine yote ni mapambo. Simlaumu, maana barabara mbaya alijifunzia kati ya Muheza na Amani wakati wa masika, ambako gari linalovuta kwa magurudumu manne ndilo linalofika na mengine hulala njiani. Lakini matope hukushika, dada, na barafu haikushiki. Kule shida yetu ilikuwa kuondoka. Hapa shida ni kusimama, na katika kusimama kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne, liwe fowili au lisiwe. Kinachobaki kugusana na barabara ni tairi peke yake.

Siku ile nilikuwa na tairi za misimu yote, zimeandikwa M+S ubavuni, yaani matope na theluji, nami nikiamini kwamba zinatosha. Ni Baba Swaleh aliyenifahamisha baadaye kuwa mpira wake huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ilhali tairi halisi ya baridi hubaki laini, na alama yake ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Huko kwenu Québec, Kanada, sheria imemaliza ubishi, kwani kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi kila gari dogo lililosajiliwa kwenu lazima livae tairi hizo. Hapa kwetu kila mtu ameachiwa uamuzi wake, ingawa msimu uliopita jiji lilipata inchi 90 za theluji, yaani zaidi ya mita mbili.

Jumamosi tulikwenda kuitazama fowili moja iliyotumika, ambayo Baba Imani alikuwa amekwisha kuipenda. Juu inang'aa. Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikawasha tochi ya simu na kuchungulia chini, nikaona bomba la breki limevimba kutu. Nilipolikwangua kwa ufunguo, magamba yakadondoka kama ya samaki. Hiyo ni kazi ya chumvi wanayomwaga barabarani kila mwaka. Muuzaji alisema ni kutu ya kawaida, lakini mimi siwezi kuiweka familia yangu juu ya bomba lile, na nashukuru kwamba Baba Imani mwenyewe aliinama, akatazama, akanyamaza.

Gari ninalolitaka ni Toyota Sienna ya mwaka 2021. Najua liko chini kuliko fowili kama Subaru Ascent, na najua lile tuta la theluji ambalo magari ya kukwangua hutuachia mlangoni litanilazimu kushika koleo kabla ya kutoka. Hata hivyo milango yake huteleza pembeni na nafasi ya ndani ni kubwa. Mtoto hafungwi mkanda akiwa amevaa koti nene, kwa sababu koti hubonyea gari linapogongwa na mkanda ukabaki umelegea. Kwa hiyo huwa namvua koti kitindamimba wangu, namfunga, kisha namfunika kwa koti hilo hilo na khanga juu yake. Kufanya hayo ukiwa umeingia ndani na kufunga mlango si sawa na kuyafanya upepo ukikupiga mgongoni.

Tatizo ni fedha. Akiba yetu inatosha kununua Sienna inayovuta kwa magurudumu manne bila tairi za baridi, au ile inayovuta kwa ya mbele tu pamoja na tairi nne za baridi na rimu zake. Nasema nne kwa sababu ukifunga mbili za mbele peke yake, mbele itashika na nyuma itateleza, na gari litageuka. Moyo wangu umeelekea kwenye tairi. Kila Baba Imani anapoanza kunishawishi, mguu wangu unakumbuka ile pedali.

Ndiyo maana naomba hisani yako. Je, Baba Swaleh anaweza kumpigia simu Baba Imani wiki hii, ili aisikie hoja hii kutoka kwa mtu anayefunga tairi kila Novemba? Je, katika magari yanayoletwa gerejini kwake, Sienna za kuvuta mbele hupanda vilima vya Montréal zikiwa na tairi nzuri? Milango ya kuteleza huganda? Wewe mwenyewe ulipobadilisha gari uliona tofauti kwenye kusimama, au ni mazoea tu? Na Swaleh ameanza kujifunza kuendesha? Tafadhali nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye Sienna amekubali kutungojea hadi tarehe 31.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Imani